Mchanga, Maji na Ujira: Somo juu ya Dhulma ya Karibu na ya Mbali



Katika somo hili twapenda kulitazama jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni mchanga unaochukuliwa usiku katika mito yetu. Kisha tulifungamanishe na jambo ambalo wote hulikiri kuwa kubwa, nalo ni biashara ya wanadamu. Makusudio yetu ni kuonyesha kwamba mambo haya hayako mbalimbali kama yanavyodhaniwa. Njia yao ni moja: mwenye shida huuza kwa bei ya shida yake, na mwenye nafasi hununua pasipo kuulizwa.

1. Mchanga ni ghala la maji

Mkaazi wa Kyuso hana haja ya kufunzwa kwamba mito ya Kitui ni ya msimu. Tyaa, Enziu na Thua hufurika siku chache za mvua, kisha hukauka juu. Twasema "hukauka juu" kwa kuwa chini maji hubaki. Mchanga ulioshiba huweza kuhifadhi maji yapatayo robo ya ujazo wake. Jua haliyafikii upesi, na mchanga wenyewe huyachuja. Ndiyo maana mama achimbaye kisima mtoni wakati wa kiangazi hupata ndoo yake.

Siri hii ilifahamika zamani. Katika miaka ya 1950 idara ya serikali ya kikoloni iliyoitwa ALDEV ilijenga mabwawa ya mchanga katika nchi ya Ukambani. Na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL, pamoja na wananchi wa Kitui waliobeba mawe kwa mikono yao, wamejenga mamia mengine.

Basi ajazaye lori hachukui mchanga peke yake. Achukua na nyumba ya maji. Mto ukisha kukwanguliwa hata mwamba, mafuriko hupita mbio, hayana pa kulala. Kingo hubomoka, visima hukauka, na mama yule huongezewa mwendo.

2. Faida yaenda kwa nani?

Mtu atauliza: Je, kijana asiye na kazi ale nini? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa matusi. Walakini na tulifuate hata mwisho wake. Wapakiaji hushuka mtoni gizani, hujaza lori kwa mabeleshi, kisha hugawana ujira kidogo. Hawana mkataba wala bima. Ukingo ukimwangukia mmoja wao, hakuna wa kudaiwa. Mchanga ufikapo mjini bei yake imekwisha kupanda mara nyingi, na faida hiyo ni ya dalali na mwenye lori, ambao hawateki maji katika mto ule. Kijana apata chakula cha siku moja, na nyumba yao yapoteza maji ya miaka.

Na penye fedha ya siri, damu haiko mbali. Mwaka 2011, huko Makueni, askari polisi aliyekuwa akiwapinga wachimbaji hao aliuawa kwa mishale.

3. Sheria na upungufu wake

Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Mwaka 2018 gavana wa Kitui wa wakati huo, Bi. Charity Ngilu, alipiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti. Hatua hizi ni za kusifiwa. Lakini katazo lisilofuatwa na kazi nyingine huifukuza biashara kutoka mchana kuitia usiku, na anayekamatwa mara nyingi ni mwenye beleshi, si mwenye fedha.

4. Kutoka mtoni hata ng'ambo

Maji yakiondoka, shamba hufa. Shamba likifa, kijana hutafuta pa kwenda. Hapo ndipo atokeapo dalali wa namna nyingine, mwenye maneno matamu: kazi Nairobi, kazi Mombasa, kazi Arabuni. Si kila mwenye kuahidi kazi ni mwovu, na wako waliosafiri wakarudi na heri. Basi tutapambanuaje?

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, na sheria ya Kenya ya mwaka 2010, zimetaja mambo matatu: kitendo, kama kumsajili mtu au kumsafirisha, njia, kama hadaa, nguvu au kuutumia unyonge wake, na kusudi, yaani kumnyonya. Aliyehadaiwa hata akikubali, kukubali kwake si udhuru kwa aliyemhadaa. Na akiwa ni mtoto chini ya miaka 18, hata njia haihitaji kuthibitishwa. Adhabu katika sheria ya Kenya ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

5. Dhulma hii ni ya ulimwengu

Tusidhani kuwa balaa hili ni letu peke yetu. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2022 kwamba ulimwengu hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Kolwezi, katika Kongo, watoto wameonekana wakichimba na kuosha madini ya kobalti, yatumiwayo katika betri za simu na magari. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Katika mambo haya yote mnunuzi wa mwisho yu mbali, naye haoni mkono uliochimba.

6. Yatupasayo

Kwanza, ajengaye nyumba na aulize mchanga wake umetoka wapi, kama aulizavyo nyama imechinjwa na nani. Pili, mto uwe amana ya wanakijiji, wenye kamati na daftari la wazi. Tatu, mwenye kuajiri atimize ujira, wala asimpe mtoto beleshi wakati wa shule. Nne, asafiriye kwa kazi ahakikishe kwamba wakala wake amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, asome mkataba kabla ya kutia sahihi, na aache nakala ya pasipoti kwa jamaa zake.

Maswali ya kujadiliana

Ni nani katika mtaa wenu anayefaidika na mchanga, na ni nani anayelipa kwa mwendo wa kutafuta maji? Ni kazi gani ya halali iwezayo kuanzishwa ili kijana asishuke mtoni usiku? Na kijana wenu akiahidiwa kazi ya mbali, ni nani miongoni mwenu atakayekwenda pamoja naye kuuliza?

Anayenyamaza kwa kuwa mto si wake akumbuke kwamba maji anayokunywa hayana mto mwingine.