Akiba Haiozi: Namna ya Kutengeneza Maembe Nyumbani



Kila mwaka, maembe yaanzapo kuiva, huonekana jambo la kusikitisha katika vijiji vyetu vingi vya pwani na hata vya bara. Chini ya miembe matunda yametapakaa kama mawe. Nzi wayazunguka, harufu ya chachu yafika mpaka barazani, wala hapana aokotaye. Sokoni nako kila mtu ameleta maembe siku ile ile, na bei ya tenga zima haitoshi kulipa nauli. Kisha miezi michache haijapita, watoto wa nyumba ile ile hawaoni tunda lo lote, na mama yao anunua achari dukani kwa fedha taslimu.

Wazee wetu walisema ya kuwa akiba haiozi. Neno hili ni kweli, lakini embe huoza. Basi kazi yetu ni kuligeuza embe liwe akiba. Karatasi hii yaeleza njia tatu za kufanya hivyo, na njia moja ya kulinywa siku ile ile. Hapana njia hata moja itakayo mashine. Yatakiwa kisu, chungu, chumvi, jua, sukari kidogo, na zaidi ya yote usafi.

1. KAZI HII SI NGENI KWETU

Mwembe asili yake si Afrika. Ulitoka India na nchi zilizo jirani nayo, ukaletwa kwetu na watu wa baharini. Lakini umekaa nasi siku nyingi sana. Msafiri Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandikiwa wali pamoja na achari za ndimu, za pilipili na za maembe. Akaeleza katika habari za safari yake ya kuwa embe likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, bali likiwa bichi ni kali kama ndimu, nalo hutiwa katika siki. Hata bara, miembe mingi mikubwa iliyopo kando ya njia ya zamani ya misafara, toka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, ni alama ya watu waliojua thamani ya mti huu. Basi mtu asiseme ya kuwa kuhifadhi maembe ni mambo ya kigeni. Ni kazi ya bibi zetu, nasi tumeiacha.

2. KWA NINI EMBE HUOZA

Hewani, mikononi mwetu na juu ya ganda la tunda mna vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vingine huleta ukungu, vingine huchachua, vingine huozesha. Vyote hupenda maji na utamu, na embe bivu lina vyote viwili. Lakini vijidudu hivi vina adui wanne: ukavu, chumvi nyingi, sukari nyingi, na ukali wa ndimu au siki. Kila njia iliyomo katika karatasi hii hutumia adui mmoja au zaidi. Ukikumbuka jambo hili utafahamu kwa nini kipimo hakifai kupunguzwa. Apunguzaye chumvi au ndimu amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

3. KUCHUMA NA KUCHAGUA

Usitikise mti. Embe lililoanguka hupata jeraha ndani hata kama ganda lake ni zima, nalo huoza upesi. Tumia ufito mrefu wenye mfuko mdomoni, au mpandishe kijana mwenye kikapu. Acha kikonyo kirefu kidogo, kisha kikate ukiliinamisha embe chini ili utomvu utiririke. Utomvu ule huunguza ngozi ya mtu na kulitia embe madoa meusi.

Kwa achari, chagua maembe yaliyokua lakini bado mabichi na magumu. Kwa kukausha, chagua yaliyoiva ila yangali imara ukiyabonyeza. Yasiyo na nyuzi, kama ngowe, ndiyo bora. Kwa jamu, yaliyoiva sawasawa. Yenye nyuzi nyingi yafaa kukamuliwa maji.

Likate kila embe ulitazame. Ukiona funza ndani, hilo ni la nzi wa matunda, wala halifai kwa akiba. Usilitupe kando ya mti! Funza wale huingia mchangani, nao hutoka tena wakiwa nzi, wakatie mayai maembe mengine yaliyobaki. Okota yote yaliyoanguka, uyafukie katika shimo, udongo juu yake usipungue nusu mita. Au yafunge katika mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu, uuache juani siku kadha wa kadha mpaka funza wafe.

4. VYOMBO

Osha mikono kwa sabuni. Osha maembe kwa maji safi kabla ya kuyamenya, wala si baada yake. Usipikie matunda makali katika chombo cha shaba kisichopakwa bati, wala katika sufuria yenye kutu, maana ukali hula chuma na shaba, na shaba huweza kutia sumu katika chakula.

Chupa ziwe za kioo, zenye vifuniko vinavyokaza. Zichemshe ndani ya maji dakika 10, kisha zitoe na kuzipindua juu ya kitambaa safi. Zijaze zingali moto. Chupa baridi ikitiwa kitu cha moto hupasuka. Na hili nalisema kwa nguvu: chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu au mafuta ya taa isitumiwe kamwe kwa chakula, hata ikioshwa mara mia.

5. MAEMBE MAKAVU

Menya maembe, ukate vipande vyembamba vilivyo sawa, unene wake kama nusu sentimita. Vikiwa vinene kwa vyembamba, vingine vitakauka na vingine vitaoza. Kamua ndimu 4 katika vikombe 4 vya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vipande humo dakika 10, kisha uvichuje. Ndimu hulinda rangi na kuzuia vijidudu.

Vitandaze juu ya chekecheke au ufumwa wa mianzi ulio safi, vipande visigusane, hewa ipite juu na chini. Uinue juu ya nguzo za urefu wa kiuno, ufunike kwa kitambaa chepesi cheusi kisichogusa vipande. Kitambaa huzuia nzi na vumbi. Tena huzuia jua kali lisiichome rangi ya manjano ya embe, ambayo ndiyo yenye vitamini A. Geuza vipande mara mbili kwa siku. Jioni viingize ndani kabla ya umande.

Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nalitandaza maembe juu ya bati la paa pasipo kitambaa, nikaenda mkutanoni. Niliporudi nalikuta mchanga, nzi, na nyayo za kuku. Tenga zima nikalifukia shimoni, na majirani waliokuja kujifunza wakarudi kwao wakicheka. Walikuwa na haki ya kucheka.

Kwa jua zuri kazi hii huchukua siku 2 hadi 4. Kipande kilicho tayari hupindika kama ngozi bila kuvunjika, hakinati mkononi, wala hakitoi maji kikibanwa. Vikipoa, vitie katika chombo kikavu kifungwacho vizuri, ukiweke gizani. Baada ya wiki moja kitazame: ukiona matone ya unyevu ndani, vianike tena siku ile ile. Maembe mabichi ya kilo 10 hayatoi zaidi ya kilo 1 hivi ya makavu. Basi usishangae kuona tenga kubwa likiishia katika kopo dogo. Utamu wote umo humo, ni maji tu yaliyokwenda.

6. ACHARI YA MAEMBE MABICHI

Twaa: maembe mabichi kilo 2, chumvi vijiko 6 vya chakula, manjano kijiko 1 cha chai, pilipili kadiri upendavyo, kitunguu saumu vichwa 2, siki vikombe 3, sukari nusu kikombe.

Osha maembe, usiyamenye. Yakate vipande vya urefu wa kidole, uyachanganye na chumvi na manjano katika bakuli, uyafunike, yalale usiku kucha. Asubuhi utaona maji mengi yametoka, yamwage. Anika vipande juani siku 1 au 2 mpaka vinyauke. Kisha chemsha siki pamoja na sukari, pilipili na kitunguu saumu kilichopondwa, kwa dakika 5. Tia vipande, viive kwa moto wa kadiri dakika 10. Jaza chupa zingali moto, siki ifunike vipande vyote. Kinachobaki juu ya siki ndicho kinachoota ukungu. Funga, uache wiki moja kabla ya kula.

Kila utoapo achari, tumia kijiko kikavu. Kijiko chenye maji au mabaki ya wali huharibu chupa nzima.

7. JAMU YA EMBE NA NDIMU

Kipimo chake ni chepesi kukumbukwa: kikombe cha sukari kwa kikombe cha embe, na ndimu moja kwa kila kikombe. Basi vikombe 4 vya embe lililopondwa vyataka sukari vikombe 4 na ndimu 4. Ukipata, changanya embe moja lisiloiva sana. Husaidia jamu kugandamana.

Weka embe motoni peke yake, moto mdogo, ulikoroge mpaka lilainike. Tia maji ya ndimu na sukari, ukoroge mpaka sukari iyeyuke yote. Ndipo uongeze moto, uchemke kwa nguvu, nawe usiache kukoroga. Tumia mwiko mrefu na uwaweke watoto mbali, kwa maana jamu ichemkapo hurukaruka, na tone lake huunguza kuliko maji ya moto.

Kujua kama imeiva, dondosha tone katika sahani baridi, ungoje kidogo, ulisukume kwa kidole. Likikunjamana juu kama ngozi ya maziwa, ipua. Likitiririka, endelea. Jaza chupa mara moja ungali moto, ufunge.

Najua ya kuwa sukari ni ghali. Nami zamani naliona hivyo, nikatia nusu ya kipimo ili nipunguze gharama. Juma la tatu vifuniko viliruka vyenyewe usiku, na jamu ikawa pombe. Nalipoteza maembe, kuni, na sukari ile ile niliyotaka kuiokoa. Kama sukari haikutoshi, pika jamu kidogo na maembe mengine uyakaushe.

Jamu ikiota ukungu, usikwangue juu ukala ya chini. Sumu ya ukungu hushuka pasipo kuonekana. Imwage yote. Na mwenye ugonjwa wa kisukari asile jamu kama watu wengine. Afuate shauri la mganga wake.

8. MAJI YA EMBE YA KUNYWA LEO

Ponda embe bivu, ulichuje kwa chujio safi, uchanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa na ndimu kidogo. Yanywe siku ile ile. Haya si akiba, maana hayana mlinzi. Usiyaweke mpaka kesho.

9. FAIDA KWA WATOTO NA KWA MFUKO

Mtoto akosaye vitamini A huweza kushindwa kuona vizuri jioni, na akiendelea kukosa huweza kupofuka. Tena mwili wake hauwi na nguvu ya kupigana na maradhi. Embe bivu la rangi ya manjano humsaidia sana, hasa akilila pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama tui la nazi au karanga. Kwa hiyo akiba ya kwanza iwe ya watoto wa nyumbani, na inayozidi ndiyo iende sokoni.

Ukitaka kuuza, andika kwanza katika daftari bei ya sukari, siki, kuni, chupa na nauli, ujumlishe, ugawanye kwa hesabu ya chupa. Usiuze chini ya hapo kwa ajili ya aibu. Andika juu ya kila chupa siku uliyoitengeneza, na umwulize bwana shamba au bwana afya wa mahali pako masharti ya kuuza chakula.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

(1) Adui wanne wa vijidudu ni nini, na kila njia hutumia yupi?
(2) Kwa nini maembe makavu hufunikwa kitambaa cheusi?
(3) Embe lenye funza lapelekwa wapi?
(4) Kipimo cha jamu ni kipi, na ukikipunguza hutokea nini?
(5) Ni chupa gani isiyofaa kamwe?

Asiyejua kusoma asomewe, na aliyesoma amwonyeshe jirani kwa mikono yake. Msimu ujao usianze na miembe yote. Anza na tenga moja: nusu yake ikaushe, nusu yake iwe achari. Ukiona katika mwezi usio na tunda ya kuwa mtoto wako angali anakula embe la nyumbani, utajua mwenyewe la kufanya na matenga yaliyobaki.