Japani na Mama Ambao Hawakuzaliwa

Vijiweni humu chuoni, mada ya Japani ikiguswa tu, hukosi mtu wa kusema: "Si wawape watu hela wazae, yaishe!" Wanazuoni wenzangu, naomba tupige hesabu kidogo.

Ili idadi ya watu isipungue bila kutegemea wahamiaji, kila mwanamke anahitaji kuzaa wastani wa watoto 2.1 hivi. Japani ilishuka chini ya hapo mwaka 1974 na haijarudi tena. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 1.20. Lakini cha ajabu, watu waliendelea kuongezeka hadi 2008 hivi, wakafika milioni 128. Sababu ni kwamba wazazi vijana walikuwa wengi. Hata kila mmoja akizaa wachache, jumla ilizidi vifo. Huo ndio msukumo wa idadi ya watu, na sasa umegeuka.

Chukua wanawake 100. Kila mmoja akizaa wastani wa watoto 1.2, tunapata watoto 120, na wasichana hawazidi 60. Hao 60 wakizaa kwa wastani uleule, watoto ni 72. Haya, tuseme wamebadilika, kila mmoja kazaa wawili: tunapata 120, yaani tumerudi palepale pa mama zao. Mama wa kuongeza hawapo, hawakuzaliwa!

Nafasi ilikuwepo. Kati ya 1971 na 1974 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Mabinti wa kundi hilo walipofika umri wa kuzaa, miaka ya 1990, wengi walitarajia wimbi jipya la watoto. Badala yake uchumi ukaanguka. Ajira za kudumu zikawa adimu, vijana wengi wakaishia kwenye vibarua, ndoa zikaahirishwa. Na kwa kuwa kuzaa nje ya ndoa ni nadra sana kule, ndoa ikikwama na mtoto anakwama. Wimbi halikuja, na leo wanawake wale wamepita miaka 50.

Matokeo tunayaona. Mwaka 2024 walizaliwa Wajapani wasiofika 700,000, wakafariki takriban milioni 1.6. Karibu watu 3 kati ya kila 10 wana miaka 65 au zaidi, na wa kuwatunza wanazidi kupungua.

Sisemi ruzuku za watoto hazina maana. Zinamsaidia mzazi aliyepo leo. Ninachosema ni kwamba ajira ya kijana, nyumba anayoimudu na saa za kazi zinazomwachia nafasi ya kulea ni sera za uzazi pia, tena zina muda wake. Alichonyimwa mtu akiwa na miaka 25 huwezi kumlipa akiwa na 50.