Kumuwahi kwa Kisu Mnyama Mgonjwa

Darasani tumeulizwa suala hili: mtu amemwona mbuzi wake yu mahututi baada ya mvua kubwa, akamuwahi kwa kisu kabla ya roho kutoka, je, nyama yake ni halali? Jawabu ya mafakihi ni mashuhuri: akikutwa na uhai uliothibiti, akachinjwa kisharia, si nyamafu. Lakini muulizaji ameishia nusu ya suala. Nusu ya pili ni hii: damu ile yamfanya nini mchinjaji?

Yako maradhi yaitwayo homa ya Bonde la Ufa. Yalitambuliwa mwaka 1931 kwa kondoo wa upande wa Naivasha, nasi watu wa pwani twaweza kuyadhani ni mambo ya bara. Mwaka 1977 yalizuka Misri. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 yaliua watu na mifugo Garissa na kusini ya Somalia. Na mwaka 2000 yakavuka bahari, yakaingia Jizan na Yemen, wakafa watu zaidi ya 200. Wataalamu walipovipima virusi vya huko waliviona ni jamaa wa karibu wa vile vya kwetu vya 1997. Saudia ikaifungia milango mifugo ya Pembe ya Afrika. Mwishoni mwa 2006 mvua zikarudi. Mara hii maradhi yakafika hata Kilifi yetu, na katika Kenya wakafa watu zaidi ya 150.

Asili yake ni mbu. Wako mbu ambao mayai yao hukaa miaka katika ardhi kavu, na virusi vimo ndani yake. Mafuriko yajapo huanguliwa, wakawauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Alama yake ni wanyama wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na wachanga kufa. Mtu naye huweza kuumwa na mbu, lakini wengi huyapata kwa mikono yao: kwa damu, kwa kuchuna, kwa kushika mimba iliyotupwa, au kwa kunywa maziwa mabichi. Aghalabu ni homa ya siku chache. Wachache huvuja damu, au hupofuka, au hufa.

Basi huyu akimbiliaye kisu ili asile hasara amejihatarisha yeye, na mwanawe aliyemshikia miguu. Hatuoni vipi uhalali wa nyama uwe ruhusa ya kujihiliki, na hali sharia yataka madhara yaondolewe. Ama ampakiaye garini akamuuza mnada wa mbali, akanyamaza, huyo ameongeza ghishi juu ya madhara; maana mbu hana mwendo wa gari.

Wako watakaosema ni jicho la jirani, wakatafuta kafara. Shauri lao. Sisi twasema aarifiwe daktari wa mifugo siku ile ile, mzoga ufukiwe chini sana mbali na kisima bila kushikwa kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Chanjo ya wanyama ipo, nayo hutiwa kabla ya mvua. Maradhi yakisha ingia, sindano moja ikipita mnyama hata mnyama huweza kuyaeneza.

Suala la ngozi yake tutalieleza katika toleo lijalo, inshallah.