Nani Alikataa Kushusha Bendera?

Somo la Jumapili: tamaa ya cheo, ushawishi wa wengine na wajibu wa mtu mwenyewe

Tusome kwanza: 1 Samweli 15:10-26

Ninaandika kutoka Samad Ash Shan. Wengi wenu mtasoma somo hili kwenye simu, usiku, kazi zikiisha. Lisome taratibu, na ukiweza lisome na mwenzako.

Lengo la somo: kujifunza kutofautisha kati ya kilichotusukuma na tulichoamua.

1. Shujaa anayeanguka

Waliosoma fasihi shuleni wanalijua neno tanzia: hadithi ya mtu mkubwa, mwenye sifa njema, anayeanguka kwa kosa lililo ndani yake. Makbeth wa Shakespeare ni mfano. Wachawi walimtabiria ufalme, mke wake akamchochea, lakini kisu kilikuwa mkononi mwake.

Sauli naye yuko hivyo. Alichaguliwa, akashinda vita, akapendwa. Samweli alipomkuta na kondoo alioagizwa asiwaache hai, Sauli alisema watu ndio waliowahifadhi. Alipobanwa zaidi alikiri kwamba aliwaogopa watu akawatii. Angalieni: hakusema uongo. Watu walimsukuma kweli. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mfalme.

2. Sayyid Khalid na asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896

Huku Sharqiyah wapo wenyeji wanaozungumza Kiswahili kama sisi, kwa sababu wao au wazee wao waliishi Unguja. Kwa hiyo nimechagua kisa kinachounganisha pande zote mbili za bahari.

Sayyid Khalid alikuwa mtoto wa Sultani Barghash wa Zanzibar. Baba yake mwenyewe, mwaka 1859, alijaribu kumpokonya kiti kaka yake Majid, akisaidiwa na watu wa ukoo wa Al Harthi, ambao asili yao ni huku huku Sharqiyah. Alishindwa, akapelekwa Bombay. Baadaye alirudi, na mwaka 1870 akawa Sultani. Khalid alikuwa mtoto wa nyumba ambayo mtu alishindwa leo, kesho akatawala.

Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tangu hapo Waingereza walitaka kila Sultani mpya apate kwanza kibali chao. Mwaka 1893 Sultani Ali alipofariki, Khalid aliingia jumba la mfalme, lakini akaonywa akatoka. Akatawazwa Hamad bin Thuwaini.

Tarehe 25 Agosti 1896 Hamad naye akafariki ghafla. Khalid akaingia tena jumbani. Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza, na Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali, walimwonya. Safari hii hakutoka. Akakusanya watu wapatao 2,800 wenye silaha, na mizinga ikaelekezwa baharini. Tarehe 26 meli ya Admirali Rawson iliwasili na kuungana na manowari nyingine. Khalid akapewa hadi saa 3 asubuhi ya kesho yake awe ameshusha bendera na kuondoka.

Saa 2 na nusu asubuhi alijibu kwamba hana nia ya kushusha bendera, na kwamba haamini kuwa Waingereza watampiga.

Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Haikufika saa nzima, vita vikawa vimekwisha. Jumba lilivunjika, na Glasgow, meli ya Sultani, ikazama bandarini. Upande wa Khalid waliokufa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Ndani ya jumba walikuwamo askari, watumishi na watumwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Siku hiyo hiyo akatawazwa Hamoud bin Muhammed.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Wengine walipokuwa wakizikwa, yeye alikuwa ndani ya kuta ambazo Waingereza hawakuweza kuzivuka. Tarehe 2 Oktoba Wajerumani walimpakia kwenye meli yao wakampeleka Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza walimkamata huko, wakamhamishia visiwa vya mbali, St Helena na Shelisheli. Mwishoni aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

3. Kosa lilikuwa la nani?

Tusifanye haraka kumhukumu. Khalid alikuwa na hoja. Kiti kilikuwa cha baba yake, na waliokuja kumchagulia watu wa Zanzibar mtawala walikuwa wageni wenye manowari. Kupiga jumba lililojaa watu ili kumtoa mtu mmoja ni dhambi ya waliopiga, na kosa la Khalid haliwafutii wao.

Tena hakuwa peke yake. Walikuwapo waliomshangilia mjini, na askari waliojiunga naye wakampa moyo. Waingereza walishuku kwamba Wajerumani nao walikuwa nyuma yake.

Hata hivyo, majibu ya saa 2 na nusu yalitoka kwake. Mwaka 1893 alikuwa ameonywa na akatoka, kwa hiyo kutoka alikujua. Na aliyaona manowari kwa macho. Alichokiweka rehani asubuhi ile ni maisha ya watu waliosimama mbele yake kwa sababu walimwamini. Haki ya kudai kiti haikumpa haki ya kusema tu kwamba haamini watapiga, huku wengine ndio watakaopigwa.

Hapo ndipo tamaa ya cheo inapotudanganya. Tunadhani tunahatarisha maisha yetu, kumbe tunahatarisha ya wenzetu.

4. Nilikupa wewe

Nitoe ushuhuda wangu, si kwa kujisifu. Kabla sijaja Samad, nilikuwa mshika fedha wa upatu wa watu kumi na wawili, wote wafanyakazi kama sisi. Rafiki mmoja akanishauri kwamba hela zikilala hazizai; tuzizungushe katika mzigo wa simu, tuzirudishe kabla ya zamu ya mtu kufika. Nilitaka kuonekana mtu aliyefanikiwa nikienda likizo. Mzigo ukapotea, na rafiki akazima simu.

Nilipowaita wenzangu nilieleza kirefu jinsi fulani alivyonidanganya. Dada aliyekuwa na zamu mwezi ule, akingojea ada ya mwanawe, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaka, mimi fulani simjui. Hela yangu sikumpa yeye. Nilikupa wewe."

Kulipa kulinichukua miezi kumi na minne. Lakini siku niliyoacha kumtaja fulani ndiyo siku niliyoanza kulipa.

5. Tufanye nini?

Washawishi hawaishi. Nyumbani wanataka uonekane tajiri. Mwenzako anakuambia uchukue mkopo. Mtu wa ajenti anakuomba umletee wasichana wa kijijini kwenu waje kufanya kazi, na kila kichwa kina malipo. Kabla ya kujibu, jiulize: nikikosea, nani ataumia kwanza? Na je, yeye amekubali?

Ukiwa umeshakosea, usianze na jina la aliyekushauri. Anza na "mimi". Sauli alilisema neno hilo akiwa amechelewa. Sisi bado tuna muda.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Khalid alitoka mwaka 1893 lakini akakataa mwaka 1896? Unadhani nini kilibadilika ndani yake?
2. Je, mtu mwenye madai ya haki anaweza bado kukosea kwa namna anavyoyadai? Toa mfano.
3. Ni jina la nani unalolitaja kila unapoeleza kosa lako?
4. Yuko nani leo anayekuamini, ambaye ataumia ukikosea?

Wiki hii mpigie simu mtu mmoja ambaye unadaiwa ukweli naye. Mbarikiwe.