NYWILA ZA BIASHARA KWENYE KOMPYUTA YA DUKANI: NANI ANAWEZA KUZIFUNGUA?

Leo ni kuhusu kompyuta ya mezani pale kwenye fremu, ile ambayo Chrome inakuuliza ihifadhi neno la siri nawe unabonyeza ndiyo.

Shika hili: ufunguo wa nywila hizo ni akaunti yako ya Windows. Anayeingia kwenye Windows yako anaingia kila mahali. Na kama Windows haina nywila, mtu anaweza kuzifungua zote kwenye Chrome, akazipiga picha na simu, akaondoka. Hahitaji kuwa mtaalamu.

Sasa hesabu kilichomo: Instagram yenye wateja wako wote, matangazo ya Facebook yaliyounganishwa na kadi ya benki, akaunti ya TRA ya ritani, na Gmail. Gmail ndiyo mama yao, maana mwenye Gmail yako anaweza kubadilisha nywila za hizo nyingine.

Dukani kwangu hapa Dodoma tunafanya hivi:

1. Windows ina nywila. Nenda Settings, Accounts, Sign-in options.

2. Ukinyanyuka, funga skrini. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Hata kama unakimbia tu kupeleka mzigo wa mteja stendi ya Nanenane.

3. Msaidizi ana akaunti yake ya Windows, ya kawaida, siyo Administrator. Siyo kwamba humwamini. Kikipotea kitu, naye anakuwa salama. Ukurasa wa Facebook pia unaweza kumpa mtu nafasi bila kumpa nywila yako.

4. Kabla ya kompyuta kwenda kwa fundi, ondoa profaili yako ya Chrome. Mara nyingi fundi anahitaji kuingia kwenye Windows ili afanye kazi, na hapo ule ufunguo unakuwa mkononi mwake.

5. Hakuna programu za krak. Hapa nywila ya Windows haikusaidii, kwa sababu programu ya wizi inafanya kazi wewe ukiwa umeshaingia. RedLine ilikuwa moja ya hizo: inakomba nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza na kuzituma kwa wezi. Polisi wa Uholanzi na Wamarekani waliivunja mitambo yake Oktoba 2024, ila zipo nyingine.

6. Windows iwe inayopata masasisho. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Ukinunua kompyuta used, uliza kwanza kama inakubali Windows 11. Kwa Intel Core, nyingi zinazokubali ni za kizazi cha 8 kwenda juu.

7. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, uanze na Gmail. Mwizi akiwa na nywila tu, atakwama kwenye kodi.

Ukihisi umeshaingiliwa, usibadilishe nywila kwenye kompyuta hiyohiyo. Tumia simu: badilisha ya Gmail kwanza, toa vifaa usivyovijua, ndipo uende Instagram na kwingine. Halafu ripoti polisi. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Kama muda ni mdogo, leo kabla hujafunga duka fanya namba 1, 2 na 7. Mtumie na mwenzako mwenye duka.