SOMO LA WANACHAMA: TAA MKUBWA NA NDEGE WA ABBOTT

Samaki mkavu apandaye kutoka pwani hadi Kitangari hufika akiwa amekatwa vipande, na mnunuzi haulizi kama ni taa wa aina gani. Lakini katika Bahari ya Hindi yumo taa mmoja ambaye hesabu yake si ile ya dagaa. Ni taa mkubwa mwenye mabawa, ambaye upana wake huweza kufika meta 7. Hula vijidudu vieleavyo majini, wala hamdhuru mtu. Jike hubeba mimba mwaka mzima na zaidi, huzaa mtoto mmoja tu, na huenda ikapita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena.

Mwenziwe katika shida hiyo ni ndege wa baharini aliyepewa jina la Abbott, Mmarekani yule yule ambaye wataalamu walimpa pia jina lake mnyama minde wa milima ya Tanzania. Zamani ndege huyu aliishi katika kisiwa cha Assumption, Shelisheli. Miti ilipokatwa na samadi ya ndege kuchimbwa, akatoweka huko. Leo hutaga katika kisiwa cha Christmas pekee, kilicho chini ya Australia. Hutaga yai moja juu ya miti mirefu, na jozi iliyofanikiwa kulea kinda hungoja kama miaka 2. Huko nako misitu ilifyekwa ili kupata fosfeti, yaani mbolea ya wakulima, na mapengo yaliyobaki huzusha upepo mkali unaoangusha makinda. Mwaka 1980 sehemu ya kisiwa ilifanywa hifadhi ya taifa.

Katibu ajuaye kufunga hesabu ataona kwamba viumbe hawa hawaachi ziada ya kugawana kila mwaka. Kitolewacho ni mtaji wenyewe.

Hata hivyo dawa zao si moja. Ndege ana makao, na mti wake waweza kuhesabiwa na kulindwa. Taa hana mpaka. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, haiwezi kumfuata akitoka nje yake, akanasa katika jarife lililotegewa papa au jodari. Mara nyingi mvuvi hakumkusudia. Kumlaumu peke yake ni kurahisisha mambo, maana matamvua yake makavu yana wanunuzi hadi Asia.

Swali la kujadiliwa kikaoni: jarife likipunguzwa, hasara ya mvuvi ibebwe na nani?