Kunakili CD za Muziki: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Mwenye CD za taarab au dansi kabatini, na kompyuta ambayo bado inasoma CD, asingoje. Kazi hii hufanywa mara moja, na hufanywa sawasawa.

Fanya nakala ya kwanza kwa FLAC. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kwa biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Hizo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani megabaiti 10 hivi kwa dakika. FLAC huibana sauti hiyo, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa chochote; ukiifungua unapata biti zilezile. WAV nayo haipotezi kitu, ila inakula nafasi na haitunzi vizuri majina ya nyimbo.

Usiifanye MP3 kuwa nakala yako pekee. MP3 hupata wepesi wake kwa kutupa sauti zinazodhaniwa kufunikwa na nyingine, sikio lisizikose. Kwa kilobiti 128 kinachobaki hakifiki sehemu moja ya kumi ya kilichokuwamo. Taarab huumia sana hapo. Sikiliza tari ya rika: vibati vyake, badala ya kulia kimoja kimoja, vinachanganyika vikawa mchirizi wa maji ya bomba. Sikiliza ganuni: kabla waya haujadonolewa, kuna mvumo hafifu unaotangulia, ambao mpigaji hakuupiga. Kwa kilobiti 320 wasikilizaji wengi hawataona tofauti, na kwa simu au spika ya daladala inatosha kabisa. Itengeneze MP3 hiyo kutoka kwenye FLAC, na FLAC uiache palepale.

Usigeuze MP3 kuwa FLAC ukadhani umeiboresha. Kilichotupwa hakirudi; faili linanenepa tu. Kuigeuza kuwa AAC, ambayo nayo hutupa sauti, ni kutupa mara ya pili. Jihadhari pia na CD za kuchomwa mitaani, maana nyingi zilichomwa kutokana na MP3. Lifungue faili kwa programu ya Spek: sauti ikikatwa ghafla kwenye kilohezi 16 hivi, kama kwa kisu, shuku chanzo chake. Rekodi kongwe nazo huishia chini, lakini hufifia taratibu. Kama ipo CD halisi, mfano wa zile za taarab ya Zanzibar zilizotolewa na GlobeStyle ya London mwishoni mwa miaka ya 1980, itafute hiyo.

Tumia programu inayohakiki: Exact Audio Copy kwa Windows, XLD kwa Mac, Whipper kwa Linux. Hizi hulinganisha ulichosoma na walichosoma wengine kwenye CD ileile, kupitia hazina ya AccurateRip. CD yako isipokuwamo, isome mara mbili ulinganishe mwenyewe. Programu ya kawaida ikikuta mkwaruzo huweza kukisia na kujaza pengo, wala haikuambii.

Safisha CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usifute kwa kuzungusha. Na usiandike kwa bolpeni upande wenye jina. Watu hulinda upande unaong'aa peke yake, kumbe muziki umelala chini tu ya ile rangi ya juu. Mkwaruzo wa chini huenda ukasuguliwa ukatoka. Wa juu ukishafika kwenye tabaka hilo, basi.

Usiache faili likiitwa "Track 01". Andika mwimbaji, mtunzi, kikundi na mwaka, na upige picha kijitabu chote. Kwenye taarab mtunzi wa maneno na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili, na jina la mtunzi ndilo hupotea kwanza.

Weka nakala kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Flashi moja si hifadhi. Na CD yenyewe usiitupe.